Chura na Posamu wa Mlima Mmoja: Huruma Haitoshi Pasipo Elimu ya Viumbe

Binadamu anapoambiwa kwamba kiumbe fulani kinakaribia kutoweka duniani, jambo la kwanza linalomjia ni huruma, na la pili ni swali: kifanyiwe nini ili kiokoke? Huruma ni jambo jema, maana pasipo huruma hakuna anayeinua mkono. Lakini huruma haichagui dawa. Mgonjwa wa malaria na mgonjwa wa utapiamlo wote wawili hudhoofika, na wote wawili hustahili kuhurumiwa. Ila mganga akiwapa dawa moja kwa sababu tu wote ni wagonjwa, angalau mmoja wao atakufa mikononi mwake. Ndivyo ilivyo katika kazi ya kuhifadhi viumbe. Neno “adimu” hueleza hali ya mnyama, wala halielezi ugonjwa wake.

Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana katika milima ya kusini-mashariki ya Australia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kosciuszko. Humo wanaishi wanyama wawili wadogo, mmoja chura na mwingine mamalia wa aina ya marsupialia, yaani mamalia wanaozaa watoto wachanga mno na kuwalea katika mfuko wa ngozi tumboni. Wote wawili wamezoea baridi, wote wawili wamebaki wachache, na wote wawili wameorodheshwa na Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, IUCN, katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa mtazamaji wa mbali, kisa chao ni kimoja. Kwa mwanafunzi wa baiolojia anayewachunguza kwa makini, ni visa viwili vinavyodai njia mbili tofauti.

Nchi ya theluji

Wasomaji wengi huifahamu Australia kuwa nchi ya jangwa na kangaruu. Mlima Kosciuszko, ulio mrefu kuliko yote katika nchi kavu ya bara hilo, una kimo cha meta 2,228, kwa hiyo haufiki hata nusu ya Kilimanjaro wenye meta 5,895. Hata hivyo, kwa kuwa uko mbali na ikweta, nyanda zake za juu hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka. Baridi huko huwa kali kati ya Juni na Agosti, na majira ya joto huwa kati ya Desemba na Februari.

Eneo hilo la theluji ni dogo sana likilinganishwa na ukubwa wa bara zima. Pande zote limezungukwa na nchi ya chini yenye joto. Hivyo kiumbe aliyezoea vilele ni kama mkazi wa kisiwa: hali ya hewa ikibadilika hawezi kuhamia kwenye mlima mrefu zaidi, kwa sababu mlima huo haupo.

Posamu aliyefufuka

Mnyama wa kwanza ni posamu mdogo wa milimani, ambaye wanasayansi humwita Burramys parvus. Uzito wake ni gramu zipatazo 45, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Alifahamika kwanza kwa mifupa yake tu. Mwaka 1895 daktari Robert Broom, mzaliwa wa Scotland ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kuchimbua mabaki ya watu wa kale huko Afrika Kusini, alieleza spishi hiyo kutokana na mifupa ya kale iliyopatikana katika mapango ya Wombeyan, New South Wales. Kwa muda wa miaka 71 wataalamu waliamini kuwa mnyama huyo ametoweka zamani. Kisha mwaka 1966 akaonekana akiwa hai ndani ya nyumba ya wageni wa mchezo wa kuteleza juu ya theluji, katika Mlima Hotham, jimbo la Victoria.

Posamu huyu ndiye mamalia pekee wa Australia ambaye makazi yake yote yako katika milima ya theluji. Hukaa katika nafasi zilizo kati ya majabali yaliyorundikana mitelemkoni. Majira ya baridi yanapofika hujificha chini ya majabali hayo na kulala usingizi mzito ambao kwa wanyama wazima unaweza kufikia miezi saba. Katika usingizi huo joto la mwili wake hushuka hadi karibu nyuzi 2 za Selsiasi, na moyo wake hupiga polepole mno. Kila baada ya siku kadhaa huamka kwa muda mfupi, hujipasha joto, kisha hulala tena. Kila kuamka humgharimu sehemu ya mafuta aliyoweka mwilini.

Theluji, ambayo mgeni angedhani ni adui yake, kwa kweli ni blanketi lake. Chini ya theluji nzito joto halipungui sana hata kama upepo wa juu ni mkali. Theluji ikiwa haba, baridi hupenya hadi kati ya mawe, na mnyama hulazimika kuamka mara nyingi zaidi na kumaliza akiba yake kabla masika ya huko hayajafika.

Anapoamka, chakula chake kikuu ni nondo wa Bogong. Nondo hawa huzaliwa katika mbuga za chini za Queensland ya kusini, New South Wales na Victoria, kisha husafiri hata kilometa 1,000 wakielekea milimani ili kuepuka joto la nyanda. Huingia katika nyufa za miamba na kupumzika humo kwa msimu mzima. Miili yao imejaa mafuta, na huwafikia posamu wakati ule ule ambapo majike wanahitaji chakula cha kunyonyeshea. Majike wana chuchu nne. Jike anaweza kuzaa watoto zaidi ya wanne, lakini anayekosa chuchu hafiki mbali. Hivyo idadi ya watoto wanaokua haizidi wanne kwa mwaka. Kwa upande mwingine, jike huanza kuzaa akiwa na umri wa mwaka mmoja, na wako waliopata kuishi zaidi ya miaka 10 katika makazi yao ya asili.

Chura aliyevaa kwa ngoma

Mnyama wa pili ni chura wa korobori wa kusini, Pseudophryne corroboree. Jina lake linatokana na neno linalotumika kwa ngoma na sherehe za wenyeji wa asili wa Australia, ambamo wachezaji hujipaka rangi mwilini. Chura huyu naye ana michirizi ya manjano inayong’aa juu ya ngozi nyeusi, ingawa urefu wake ni sentimeta zipatazo 3 tu. Aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1953, na hapatikani popote duniani ila katika hifadhi hiyo ya Kosciuszko, katika mwinuko wa kati ya meta 1,300 na 1,760 hivi.

Rangi yake ni onyo. Katika ngozi yake mna sumu za aina ya alkaloidi. Vyura wengine wengi wenye sumu za namna hiyo huzipata kutoka kwa wadudu wanaowala, lakini chura wa korobori huweza kutengeneza baadhi ya sumu zake mwenyewe mwilini, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Uzazi wake pia ni wa namna ya peke yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa chura hutaga maelfu ya mayai majini ataona ajabu. Majira ya joto yanapokaribia kwisha, dume huchimba kiota katika spagnamu, yaani mimea midogo laini inayonyonya maji kama sifongo, kando ya vidimbwi vya kinamasi, naye huita majike kutoka humo. Jike hutaga mayai machache, chini ya 40, juu ya nchi na si majini. Kiinitete hukua ndani ya yai hadi hatua fulani, kisha husimama na kungoja. Mvua za kabla ya majira ya baridi zinapojaza kiota maji, ndipo kiluwiluwi hutoka na kuingia kidimbwini. Huishi humo miezi ya theluji yote akikua polepole, na hugeuka kuwa chura majira ya joto yanaporudi. Baada ya hapo huchukua miaka ipatayo minne kabla ya kuanza kuzaa.

Wanafanana wapi, na wanaachana wapi?

Hapa ndipo faida ya kulinganisha inapoonekana. Kwanza, baridi. Posamu ana damu ya joto; anapokuwa macho hulazimika kula sana ili ahifadhi joto lake, na usingizi wa baridi ni njia yake ya kukwepa gharama hiyo. Chura hana joto lake mwenyewe; mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na baridi kwake huchelewesha ukuaji tu. Kwa hiyo mwaka wenye uhaba wa chakula humwumiza posamu mara moja, ilhali chura huweza kuvumilia njaa kwa muda mrefu zaidi.

Pili, maji. Posamu huhitaji majabali makavu yenye nafasi za kupita. Chura huhitaji kinamasi kisichokauka kabla viluwiluwi havijageuka. Mvua ikichelewa, mayai hungoja hadi yakaharibika. Kidimbwi kikikauka mapema, kizazi cha mwaka mzima hupotea.

Tatu, ngozi. Ngozi ya posamu ni kavu na imefunikwa na manyoya. Ngozi ya chura ni kiungo cha uhai: kwayo huvuta hewa, hunywa maji na kupitisha chumvi za mwili. Mlango mpana namna hiyo hupitisha mema na mabaya.

Nne, mwendo wa uzazi. Wengi hudhani kwamba mamalia ndiye mwenye uzazi wa polepole na chura ndiye mwepesi wa kuongezeka. Katika milima hii dhana hiyo haisimami. Posamu jike huanza kuzaa katika mwaka wake wa kwanza, na wengi wa watoto wake huweza kukua. Chura hungoja miaka minne, tena hutaga mayai machache ambayo mengi hupotea. Kundi la posamu likiondolewa shida zake laweza kuongezeka upesi. Kundi la chura haliwezi.

Maadui wawili tofauti

Chura wa korobori alianza kupungua kwa kasi katika miaka ya 1980. Kinamasi kilikuwepo, theluji ilikuwepo, chakula kilikuwepo, na eneo lenyewe lilikuwa hifadhi ya taifa. Chanzo kilifahamika mwaka 1998, wakati watafiti walipotangaza kwamba vyura wa Australia na Panama walikuwa wakiuawa na kuvu ya aina ya kitridi. Mwaka 1999 kuvu hiyo ikapewa jina Batrachochytrium dendrobatidis. Hushambulia keratini iliyo katika ngozi ya chura, huvuruga upitishaji wa sodiamu na potasiamu, na mwishowe moyo husimama. Kiluwiluwi, ambaye keratini yake iko mdomoni tu, kwa kawaida huokoka. Hufa baada ya kugeuka chura, wakati ngozi yake yote inapokuwa chakula cha kuvu. Sumu inayomlinda chura wa korobori dhidi ya meno na midomo ya maadui haikumfaa kitu mbele ya adui huyu asiyeonekana kwa macho.

Kwa kawaida maradhi hupungua nguvu wagonjwa wanapokuwa wachache, kwa maana hakuna wa kuambukizwa. Katika vinamasi vya Kosciuszko haikuwa hivyo. Humo anaishi chura mwingine wa kawaida, Crinia signifera, ambaye hubeba kuvu hiyo kwa wingi bila kundi lake kuteketea. Hata wakibaki vyura wa korobori kumi tu, maradhi yangali yanawangoja kidimbwini. Juu ya hayo, farasi waliogeuka mwitu hukanyaga vinamasi na kuharibu spagnamu.

Posamu haugui maradhi hayo. Adui zake ni wengine: ujenzi wa barabara na vituo vya mchezo wa theluji juu ya majabali yake, mbweha na paka walioletwa na wageni kutoka Ulaya, theluji inayopungua kwa sababu ya kuongezeka kwa joto duniani, na njaa. Kati ya mwaka 2017 na 2019 ukame mkali ulipopiga mbuga za kusini-mashariki, nondo wa Bogong walipungua mno. Katika baadhi ya milima majike wengi walipoteza watoto wao wote mifukoni. Mwaka 2021 nondo huyo, ambaye zamani alihesabiwa kwa mamilioni yasiyo na idadi, aliingizwa katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini. Somo hapa ni kubwa: hifadhi ya posamu yaweza kulindwa kwa walinzi na sheria, lakini chakula chake huzaliwa katika mashamba yaliyo mamia ya kilometa kutoka mpakani mwa hifadhi hiyo.

Dawa mbili

Katika Mlima Higginbotham, karibu na Hotham, watafiti waligundua kwamba barabara ilikuwa imeikata njia ya posamu madume. Desturi yao ni kuondoka katika makazi mazuri ya majike baada ya msimu wa kujamiiana na kushuka chini. Barabara ilipowazuia, walibaki juu wakigombea chakula na majike pamoja na watoto, na wengi wa majike hawakuimaliza baridi. Mwaka 1985 likajengwa handaki chini ya barabara, likajazwa mawe ili lifanane na majabali, na baada ya muda mfupi madume wakaanza kulipita. Watu wa huko waliliita kwa mzaha “Handaki la Mapenzi”.

Katika Mlima Buller shida ilikuwa nyingine. Kundi la huko, lililogunduliwa mwaka 1996, lilipungua hadi wanyama makumi machache, na ndugu wakawa wakizaana kwa ndugu. Mwaka 2011 walipelekwa madume kutoka kundi la Hotham ili kuongeza jeni mpya, huku mbweha wakipunguzwa na makazi yakitengenezwa. Watoto waliozaliwa kwa mchanganyiko huo walikuwa na miili mikubwa zaidi, majike wao walizaa zaidi, na kundi likaongezeka kwa haraka. Mifano yote miwili inaonyesha kwamba posamu akitengenezewa mahali pake huweza kujisaidia mwenyewe.

Kwa chura njia hiyo haitoshi. Kinamasi kikitengenezwa vizuri namna gani, kuvu ingali imo. Kwa sababu hiyo hifadhi za wanyama za Melbourne na ya Taronga mjini Sydney zimekuwa zikiwafuga vyura wa korobori, zikiwazalisha, na kurudisha mayai na vyura milimani. Kadhalika zimejengwa nyua maalumu ndani ya hifadhi ya taifa, zilizozuiliwa ili vyura wengine wenye kubeba maradhi wasiingie. Mioto mikubwa ya mwanzoni mwa mwaka 2020 iliziharibu baadhi ya nyua hizo na kuua baadhi ya vyura. Lakini kwa kuwa walikuwapo wengine mjini, spishi haikufutika.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaouliza: je, chura asiyeweza kuishi nje ya ua ni mnyama wa porini, au ni pambo la jumba la makumbusho? Fedha zinazotumika kumfuga zisingefaa zaidi kwa posamu, ambaye matumaini yake ni makubwa? Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Fedha za hifadhi hazitoshi popote duniani, na kuchagua ni lazima.

Lakini hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hupima matumaini kwa hali ya leo. Ufugaji si tiba. Ni muda unaonunuliwa ili tiba itafutwe. Ndani ya nyua hizo ndimo wataalamu wanamoweza kuchunguza ni vyura gani wanaovumilia kuvu zaidi kuliko wenzao, na kama uvumilivu huo hurithiwa. Spishi ikishapotea, hakuna tena cha kuchunguza. Mwaka 2019 watafiti wa mataifa mbalimbali walikadiria kwamba maradhi ya kitridi yamechangia kupungua kwa spishi za amfibia zisizopungua 501, na kwamba 90 miongoni mwa hizo yamkini zimetoweka. Chura wa korobori si peke yake katika chumba hiki cha wagonjwa.

Watanzania wanalo jibu la karibu zaidi. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi katika manyunyu ya maporomoko tu. Mitambo ya umeme ilipojengwa na sehemu kubwa ya maji kugeuzwa njia, manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walipungua ghafula, na kuvu ile ile ya kitridi ikaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini. Hata hivyo, mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ukaanza urejeshaji wa vyura korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa badala ya manyunyu ya asili. Laiti mwaka 2000 ingalisemwa kwamba chura wa kufugwa si chura, mwaka 2012 kusingalikuwa na cha kurudisha.

Kasoro ya pili ni upendeleo. Posamu ana macho makubwa, manyoya laini na mikono midogo inayoshika chakula kama mtoto. Chura ni baridi mkononi, na katika jamii nyingi hutajwa kwa kudharauliwa. Anayesema posamu ana matumaini zaidi hana budi ajiulize kama ni akili yake inayosema au ni macho yake. Ukweli ni kwamba mustakabali wa posamu nao si salama. Handaki haliongezi theluji, na jeni mpya hazizai nondo. Hali ya hewa ikiendelea kupata joto, huenda naye akahitaji kufugwa. Tayari Profesa Michael Archer wa Chuo Kikuu cha New South Wales na wenzake wametoa hoja kwamba, kwa kuwa mabaki ya kale ya jamaa zake yamepatikana katika ardhi iliyokuwa misitu ya mvua ya nchi ya chini, posamu anaweza kuzoezwa tena kuishi mbali na theluji. Wakati huo ukifika, ujuzi uliopatikana kwa kumfuga chura aliyedharauliwa utamfaa mamalia aliyependwa.

Wapo pia wanaosema kinyume kabisa: kwamba posamu alidhaniwa amekufa, akaonekana mwaka 1966, kwa hiyo maumbile hujitunza na binadamu asiingilie. Hoja hii ni dhaifu. Posamu hakufufuka; alikuwapo wakati wote, na kilichokosekana ni mtu wa kumtafuta mahali panapostahili. Mnyama asiyeonekana kwa sababu ya uchache wa utafiti ni mbali na mnyama asiyeonekana kwa sababu amekwisha.

Kazi ya shule

Mafundisho ya baiolojia katika shule za sekondari mara nyingi huwapanga wanyama katika safu: amfibia wana sifa hizi, mamalia wana sifa zile. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, kisha husahau. Lakini sifa hizo si mapambo ya daftari. Unyevu wa ngozi ya amfibia ndio ulioamua kwamba chura wa korobori afe kwa kuvu. Joto la damu ya mamalia ndilo lililoamua kwamba posamu afe kwa njaa nondo wanapokosekana. Mwanafunzi akielewa hivyo, sifa hugeuka kuwa sababu, na sababu huonyesha njia ya kutenda.

Mwalimu hana haja ya kwenda Australia. Milima ya Udzungwa yenyewe ina chura wa Kihansi, na tena ina sengi mwenye uso wa kijivu, mamalia aliyetambuliwa na sayansi mwaka 2008 tu. Wanafunzi wapewe wanyama hao wawili na maswali manne: kila mmoja anapata wapi maji, anapata wapi joto, anazaa kwa mwendo gani, na ni kitu gani kikiondolewa ambacho kingemmaliza kwanza? Darasa litakalojibu maswali hayo kwa makini litakuwa limejifunza uhifadhi wa kweli, hata kama halijapanda gari la kwenda mbugani. Wanafunzi wa pwani waweza kufanya vivyo hivyo kwa viumbe wa mikoko, na wa bara kwa viumbe wa mabwawa na vichaka vilivyo jirani na shule.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hutajwa sana katika mambo ya hifadhi, na ni ya kweli. Ila fundi mwema huutazama ufa kabla ya kuchukua mwiko, maana ufa wa msingi uliozama hauzibwi kwa udongo ule ule unaoziba ufa wa mvua. Posamu ana ufa wake na chura ana wake. Nchi itakayowahurumia wote wawili kwa kipimo kimoja, na kuwatibu wote wawili kwa dawa moja, itatumia fedha nyingi na kubaki na mlima mtupu. Nchi itakayoanza na elimu ya viumbe ndiyo itakayojua mahali pa kuweka handaki, mahali pa kuweka ua, na wakati wa kungoja.